Mheshimiwa Hakosi Msiba

Basi la kutoka mji wa Alappuzha lilikuwa kimya mpaka mzee wa kiti cha mbele yangu, aliyepakata chupa ya uji, alipoanza kumsifia Mheshimiwa Kuriakose. "Mihula mitano kwenye bunge la jimbo, na hakosi msiba. Mke wangu alipofariki, alifika kabla ya ndugu zangu."

"Kwetu pia alifika," akasema mwanamke wa pembeni yake bila kumgeukia. "Akalia. Akabeba jeneza la baba mpaka kwenye mtumbwi."

"Sasa unataka nini tena, binti?"

"Daraja."

"Si ameshaweka jiwe la msingi?" Ameliweka kweli, kila uchaguzi, na wanawake wa pale mtoni wanafulia nguo juu yake.

"Baba tulimpakia mtumbwini akiwa hai, mzee wangu. Tulipofika ng'ambo alikuwa ameshakata roho."

"Chunga mdomo wako. Yule ni mzazi wetu sote."

"Basi mwambie mzazi wako asije tena kulia kwangu."

Konda akageukia dirishani. Basi likasimama pale barabara inapoishia mtoni. Mzee akakunja msuli aliojifunga kiunoni, akapanga foleni nyuma ya yule mwanamke. Mwenye mtumbwi akamuuliza mzee anakwenda wapi.

"Hospitali," akasema, kwa sauti ndogo.