Dada Yangu Nafuna, Aliyempa Fundi Firigisi

Mchungaji, wazee wa pande zote mbili, majirani wa Kabiro, na nyinyi mliotoka Kibera tangu asubuhi, mimi ni Nasike, mdogo wake marehemu, na familia imenipa kazi hii kwa kuwa wanasema mimi ndiye ninayemjua zaidi, jambo ambalo naona kila mmoja wenu hapa anajidai ni lake, kwa hivyo mnivumilie.

Marehemu Jenipha Nafuna alizaliwa tarehe 14 Aprili 1971, karibu na Kimilili, Kaunti ya Bungoma, mtoto wa tatu wa Mzee Sifuna, mimi nikafuata miaka miwili baadaye, na tangu hapo kila gauni nililovaa lilikuwa limeshavaliwa naye, na hata mgongo wa nyanya yetu ulikuwa umeshamzoea yeye.

Alisoma shule ya msingi pale nyumbani hadi mwaka 1986, na ingawa hakuwa wa kusifiwa darasani, wageni wa ukaguzi walipokuja ni yeye aliyeitwa jikoni kuwapikia, akapigiwa makofi gwarideni, nami niliyekuwa namba mbili darasani kwangu sikumbuki mwalimu hata mmoja aliyejua jina langu.

Mwaka 1991 alikuja Nairobi kwa shangazi yetu aliyeishi Kianda, kule Kibera, nami nikamfuata baadaye, na mwaka uliofuata akaandikwa kazi katika hoteli ya Mzee Abdulhamid, Mnubi wa Kibera, ambako alipika pamoja na Hanan, binti wa mwenye hoteli, na wengi wenu ndipo mlipomjua, kwa chapati zake na zaidi kwa mdomo wake. Nafuna hakupakua chakula bila kutoa maoni. Alisema ugali mwororo ni uji uliokataa kazi, githeri bila avokado ni mahindi na maharagwe ya shule ya boarding, mtu anayetia sukari kabla ya kuonja chai atakusumbua hata ukiwa umeolewa naye, na mtu wa Nairobi akikwambia yuko njiani, jua bado anatafuta soksi. Watu walitoka Silanga, upande wa pili wa Kibera, kwa miguu kuja kusikia hayo, wakayabeba hadi makwao wakayasema kama yao, nami nilikaa pale kwenye benchi la nyuma nikiumia, kwa sababu nyumbani, chumbani kwetu, alikuwa amechoka na hakunisemesha.

Ndoa yake mnaijua nusu. Mimi ndiye niliyempata Phanuel kwanza, fundi wa mbao pale mtaa wa Olympic, na Jumamosi tarehe 11 Novemba 1995 nilimleta hotelini makusudi, ili dada yangu amtazame aniambie kama ni mtu wa maana. Siku hiyo kulikuwa na kuku. Sasa sisi Waluhya wa magharibi tunajua firigisi ni ya baba mwenye nyumba, na msichana hampakulii mwanaume firigisi hivi hivi, kwani ni kama kumwambia amemchagua, lakini Nafuna alikuwa na maoni yake hata hapo, alikuwa akisema, “Firigisi ni nyama tu, si ati imeandikwa jina ya mwanaume,” na kila siku aliyeingia kwanza ndiye aliyeipata, awe Mnubi, Mluo au Mkikuyu, wakala wakaenda zao. Siku hiyo aliyeingia kwanza alikuwa Phanuel, na Phanuel ni Mluhya wa Lugari. Aliitazama firigisi, akaila polepole hadi ikaisha, akanawa mikono, kisha akaniuliza mimi, mimi niliyemleta, kwamba huyo aliyepika anaitwa nani.

Januari 1996 wazee wake walifika Kimilili kumwomba Nafuna, na aliyewamiminia chai ni mimi. Nafuna aliniuliza mara moja tu, jikoni, “Nasike, huyu ni wako?” nikamwambia simtaki hata kwa dawa, kama vile msichana yeyote mwenye maringo angesema, wakafunga ndoa tarehe 14 Desemba mwaka huo, na wivu nao ukafunga ndoa nami siku hiyo hiyo. Walijaliwa watoto watatu, Austin, Beverline na Cleophas, ambao wote wananiita mama mdogo, na hakuna hata mmoja anayeweza kula bila kukisema chakula.

Mwaka 2003 walihamia Kawangware, na alipofungua hoteli yake mwenyewe hapa Kabiro nilijua ataniita mimi nipike naye, lakini akamwita Hanan. Hanan, usiiname, sisemi vibaya, nasema tu kwamba niliona.

Februari 2024 alianza kushindwa kumeza, kwanza ugali, kisha chapati, madaktari wakasema ni saratani ya koo, na Mei mwaka huu akalazwa. Hata akilishwa kwa mpira alinusa vyakula vya wengine, akanong'ona kwamba mama wa kitanda cha pili anaunguza vitunguu. Wodi iliruhusu wageni wawili kwa mara moja, basi wakaingia Phanuel na Hanan, nami nikabaki getini na chupa ya uji ambao najua hangeweza kuunywa, na hapo getini ndipo nilipotambua kwamba nilikuwa nimekasirika, na sikumkasirikia Nafuna kwa kupata mume, nilimkasirikia huyo mume kwa kupata kuingia. Alifariki Jumanne tarehe 9 Septemba 2025, saa kumi na moja alfajiri.

Juzi wazee waliniita. Walisema nyumba ya Phanuel isikae baridi, watoto wasiletewe mgeni, mimi niliachana na mume wangu zamani, na tena kila mtu anajua mimi ndiye niliyeanza kumpenda, basi niolewe naye. Phanuel alikuwa ameketi pale, akitazama chini. Niliomba muda. Wazee wangu, nawaheshimu, na jibu ni hapana. Mnadhani mnanirudishia nilichonyang'anywa, lakini nilichonyang'anywa kiko ndani ya jeneza hili, mlikuwa naye nyinyi, mumewe alikuwa naye, Hanan alikuwa naye, wateja wa Silanga walikuwa naye, na miaka hii yote nimewaonea wivu nyinyi. Phanuel ni shemeji yangu, na atabaki shemeji.

Familia inawashukuru madaktari na wauguzi waliomhudumia, kanisa, majirani wa Kabiro mliolala nje kwenye baridi pamoja nasi, familia ya Mzee Abdulhamid, wateja wote, na Hanan, aliyemwosha nywele siku ya mwisho, kazi ambayo nilitaka iwe yangu, na ambayo aliifanya vizuri.

Pumzika sasa, Nafuna, amani iwe nawe, na kama huko kuna watu ambao wameshaanza kukuzoea, waambie mapema kwamba una mdogo wako, na ana wivu.