Gitaa la Mninga la Mzee Edson

Wasikilizaji wapendwa, mwangaluka. Leo tunamkumbuka Mzee Edson Mwigulu, fundi seremala wa Kambarage, hapa Shinyanga. Ametutoka Jumanne iliyopita akiwa na miaka sabini na moja. Fundi seremala, nasema. Vitanda vyake mmevilalia wengi, na vingine bado vinalia.

Lakini kitanda si habari. Habari ni gitaa. Miaka kumi na moja iliyopita, Mzee Edson alitengeneza gitaa la umeme kwa mikono yake. Mwili mninga, shingo mkurungu, na ubao wa kubonyezea nyuzi ni mpingo mtupu. Sumaku aliitoa kwenye spika iliyokufa, akaizungushia waya wa shaba wa dinamo. Tundu la nyaya, kule mgongoni, alilifunika kwa kipande cha mpingo akakigandisha kwa gundi, maana skrubu aliziona ni uvivu. Lilikuwa zito, jamani. Mpigaji alikaa, gitaa nalo likamkalia.

Wiki ileile, pete yake ya ndoa ikapotea. Mkewe, Mama Ritha, akauliza iko wapi. Mzee akasema aliivua karakana asiungue kidole akichomelea nyaya, na hajui ilikokwenda. Mama Ritha hakuamini. Kwake yeye, pete ilikuwa imeishia kwa mwanamke wa Bugarama, kule machimboni. Miaka kumi na moja, wasikilizaji, hakuitia sukari chai ya mumewe.

“Baba aliweka mwenyewe,” binti yao Ritha ameniambia, “halafu anakoroga kwa kelele ili mama asikie.”

Ni kweli Bugarama alikuwa akienda, kupiga gitaa harusini. Siku moja mchimbaji aitwaye Boaz akapitisha mashine yake ya kutafutia dhahabu juu ya gitaa, kwa utani tu. Mashine ikapiga kelele, harusi nzima ikageuka kutazama. Boaz akataka kulibadilisha gitaa na pikipiki yake. Mzee akamweleza kwa upole: hizo ni sumaku na shaba, dhahabu humo hamna hata chembe. Tangu hapo wachimbaji walimfuata mpaka Kambarage wakitaka lipasuliwe, naye aliwarudisha wote. Alilipenda mno gitaa lile.

Alhamisi, msibani, Boaz akaja na mashine yake. Alipoipitisha juu ya gitaa lililolazwa kando ya jeneza, ikalia tena. Waombolezaji wakaanza kunong'ona, na Mama Ritha akachoka. Akaingia karakana, akatoka na patasi ya marehemu.

“Fungua,” akamwambia Boaz. “Ukikosa, hiyo mashine inazikwa naye.”

Kifuniko kikabanduka. Ndani mlikuwa na waya, sumaku, na katikati ya gundi iliyokauka, pete ya ndoa. Imechongwa Zipora, jina la Mama Ritha.

Nilikuwepo. Mama Ritha aliisafisha kwa kanga, akaivaa kidole gumba, maana kwingine inampwaya. Kisha akasogea kwenye jeneza.

“Edson, nimekununia bure,” akasema. “Tangulia. Nikija, sukari nitaitia mwenyewe.”

Nililia, sifichi. Halafu nikacheka, na msiba mzima ukacheka nami.

Pole sana Mama Ritha, pole Ritha, poleni ndugu wote wa Kambarage. Mungu amlaze mzee wetu mahali pema. Nasi tuliobaki, kama kuna mtu umemnunia humo ndani, muulize tena leo, na safari hii lisikilize jibu lake.

Gitaa limegandishwa tena, litapigwa siku ya arobaini. Boaz, umekaribishwa. Mashine iache nyumbani.