Bi Sushila Vithlani, Aliyebebeshwa Kosa la Kachori

Ndugu, jamaa, majirani wa Kenton na Harrow, na nyinyi mliotoka Thamesmead kwa mabasi mawili na treni, familia inawashukuru kwa kufika, nayo imenipa mimi Lata, binti wa kwanza, kazi ya kuwasomea maisha ya mama yetu, kwa Kiswahili kama alivyoagiza mwenyewe, maana ndiyo lugha aliyokuwa akipatana na watu kwayo na kugombana nao kwayo, na wajukuu wasioielewa vizuri watafafanuliwa baadaye, wavumilie.

Marehemu Sushila Rasik Vithlani alizaliwa tarehe 14 Machi 1936, mtaa wa Hurumzi, Unguja, akasoma shule ya wasichana hadi mwaka 1950, kisha akatolewa ili amsaidie bibi yetu aliyekuwa akiuza kachori na bajia dirishani, na hapo ndipo alipoishika desturi ya nyumba yao, kwamba anayeingia mlangoni hatoki mdomo mkavu, awe mgeni, awe polisi, awe mtu mliyetukanana naye jana. Kusoma Kiingereza hakujaaliwa, na naomba mliweke hilo kichwani, nitalirudia.

Tarehe 2 Desemba 1956 aliolewa na baba yetu, Rasik, fundi saa, na katika nyumba aliyoingia alimkuta shemeji yatima wa miaka kumi na miwili, Jitendra, ambaye yuko nasi leo safu ya pili, yule mwenye tai ya buluu, naye mama alimlisha, akamfulia, akamuuguza surua, kabla hajazaa mtoto wake hata mmoja. Kisha Mungu akamjaalia watoto watatu, mimi mwaka 1958, Hansa 1961 na Pradip 1966.

Baada ya Mapinduzi ya Januari 1964 duka la saa lilifungwa, familia ikahamia Mombasa mwezi wa Aprili, na tarehe 19 Februari 1968 tukatua London, watu sita na masanduku matatu, wa sita akiwa Jitendra, aliyeshuka kwenye ndege amevaa koti la baba, na baba akitetemeka kwa baridi ndani ya sweta. Septemba 1970 mama aliajiriwa jikoni katika shule moja hapa Harrow, na kwa karibu miaka saba hakukosa hata siku moja.

Sasa nafika mwaka 1977, na wapo walioniomba niuruke, lakini sitauruka. Mwaka huo baba mdogo Jitendra, wakati ule mwenye duka la vitambaa Kenton, aligombea kwa tiketi ya chama cha Conservative kiti cha Baraza Kuu la London, lililokuwa kama bunge la jiji, na kipeperushi alikiandika kwa mkono wake mwenyewe, kwamba nchi imejaa na wanaotaka kuja wabaki walipo, yeye aliyekuwa na miaka tisa tu tangu avae lile koti. Mama aliambiwa kipeperushi kinasifu uchapakazi wa shemeji yake, akavigawa mlango kwa mlango kwa majuma matatu, kwenye mvua, mpaka jirani yetu Balwinder, ambaye ndugu zake walikuwa bado Nairobi wakingoja ruhusa, alipomrudishia kimoja mkononi na kumsomea. Mama aliona haya, akamuuliza shemeji yake, naye akamjibu kuwa siasa si mambo ya jikoni.

Lakini jikoni alikuwa akipahitaji, kwa sababu siku moja kabla ya kupiga kura alimwagiza mama akaange kachori mia tatu na apike chai ya maziwa, kila mpiga kura apitaye dukani ale kwanza ndipo aende kituoni, na mama, kwa desturi aliyolelewa nayo, hakuona ajabu, alifanya na akaongeza chatne. Alhamisi tarehe 5 Mei watu walikula, wakasifu, wakaenda kumpigia kura mwingine, Jitendra akashindwa, na juma lililofuata wapinzani wakalalamika polisi, maana sheria ya huku inakataza kumlisha mpiga kura ili umpate.

Hapo Jitendra alimletea mama karatasi ya Kiingereza, akamwambia ni ya kuwashukuru waliojitolea, atie sahihi, naye akatia bila kuuliza, kwa kuwa mtoto uliyemlea humuulizi. Karatasi ile ilisema kwamba mama alipika na kugawa kwa akili yake mwenyewe, mgombea hana habari. Ilitoka gazetini na jina lake, polisi wakamhoji mara mbili, mashtaka hayakufunguliwa, ila shuleni aliachishwa kazi, akaambiwa jikoni kwao hawataki mtu mwenye maneno, na kwenye harusi zetu wanawake wakawa wanasukuma sahani yake pembeni, wakitania kwamba wasije wakafungwa. Alilia sana mwaka ule, na sisi tulimwona. Jitendra aligombea tena mwaka 1981 na akashindwa tena, safari hiyo bila kachori.

Baba alifariki mwaka 1989, na mwaka uliofuata duka la vitambaa lilipofungwa mama alikwenda kusaidia kufagia, akakuta kwenye mtoto wa meza barua, akaniletea nimsomee. Ilikuwa ya Mwingereza aliyesimamia kampeni, ya tarehe 21 Aprili 1977, ikimwonya Jitendra kwa jina kwamba asimpe mpiga kura chakula wala chai, ni kosa. Mama aliniambia niisome mara mbili, akaikunja, akaifukia kwenye kopo la unga wa dengu, akasema binti za Jitendra bado hawajaolewa, basi isomwe siku ambayo yeye mwenyewe hataweza kuniomba ninyamaze. Barua ninayo hapa, na siku ndiyo hii.

Kuanzia 1983 hadi 2001 alipika katika nyumba ya wazee, akaanza kuugua kisukari, akapata kiharusi mwezi Agosti mwaka huu, na tarehe 2 Novemba 2009, asubuhi, akatutoka, akiwa na miaka sabini na mitatu. Tunawashukuru madaktari, wauguzi Njeri na Jedidah waliofanya naye kazi katika nyumba ile ya wazee, kisha alipougua wakamwogesha kama mama yao, na Balwinder, ambaye tangu mwaka ule wa kipeperushi hakuwahi kukataa sahani yake.

Tukitoka kumchoma tutarudi ukumbini, Hansa amekaanga kachori mia tatu, na marehemu aliagiza kwamba atakayepewa mwanzo ni Jitendra, apewe kwa mikono miwili, asitoke mdomo mkavu. Pumzika mama, kwa amani uliyoingoja miaka thelathini na miwili, jina lako limerudi.