Uhuru wa Lindi na Safari ya Kasmir

Kwenye kona ya Kariakoo, njia inapogeukia Mnazi Mmoja, lipo benchi la Saif muuza kahawa, ambalo huchukua watu watatu kwa raha na wanne kwa ubishi. Asubuhi hiyo ya mwaka 1932 tulikuwa wanne: mimi, Mbaruk, tuliyemwita Ramani kwa kuwa huzieleza nchi asizozikanyaga, Anselmi wa Machame, muuza nafaka, jina lake la benchi Mizani, na Kasmir, wa Machame pia, aliyepunguzwa kazi bandarini mwezi uliopita. Kasmir alikuwa ametaka kutembeza ndizi za kukaanga, akanyimwa leseni. Sasa wakala wa mashamba ya mkonge alikuwa Mnazi Mmoja, akiandika watu wa kwenda Morogoro kwa miezi sita, na saa sita mchana angefunga daftari. Kasmir alituomba ushauri.

– Kazi hufuata ruhusa, alianza Mizani. Kwetu kila mtu hulima kahawa yake bila leseni, huuza mwenyewe. Humwoni mtu asiye na kazi.

– Na wewe je, umekuja huku kufanya nini? aliuliza Ramani.

– Nimekuja kuipumzikia hiyo kazi. Kasmir, rudi nyumbani.

– Kaka Anselmi, shamba la baba tumegawana ndugu wanne. Fungu langu ni migomba sita.

– Sita si haba, alisema Mizani.

Ramani alikohoa.

– Machame ni padogo. Tazameni Lindi. Lindi hakuna leseni, hakuna karani, hakuna askari wa kukufukuza na sinia lako. Kwa hiyo Lindi wote ni matajiri.

– Mbona watu wa Lindi wamejaa hapa mjini? aliuliza Mizani.

– Wanatafuta maskini wa kuwasaidia.

– Na Nairobi? alisema Mizani. Huko Mwafrika hata mche wa kahawa haruhusiwi kupanda, na majumba yanaota kila siku.

– Yanaota kwa nani?

– Hilo ni swali la siasa, bwana. Mimi nazungumzia maendeleo.

Saif alikuwa akimimina tu. Kwenye benchi lake aliyetosheka hutikisa finjani, asiyetikisa huongezwa. Kasmir, mwana wa wakulima wa kahawa, hakuwahi kuinywa mpaka alipofika mjini, wala desturi hiyo hakuijua. Alikwisha kunywa finjani tisa kwa adabu, na Saif alikuwa akimmiminia ya kumi.

– Leo hii futeni leseni zote, Ramani alipaza sauti, kesho mtakosa mtu wa kumtuma dukani! Wote watakuwa na shughuli!

– Hata wewe? aliuliza Saif.

– Mimi nitasimamia.

Hapo akaja Agnesi, mke wa Kasmir, amejitanda khanga, jasho usoni.

– Shikamooni.

– Marahaba.

– Wakala amebakiza nafasi mbili. Nyinyi ndio washauri wa mume wangu. Aende, au asiende?

Mizani alitikisa finjani yake. Ramani alimnyoshea Saif ya kwake. Saif aliinamisha birika, halikutoa kitu.

Agnesi alingoja kama mtu anayengoja chenji. Kisha akatoa chini ya khanga bunda la nguo, zimekunjwa, zimefungwa kamba, akampa mumewe.

Kasmir alitupatia mkono wa kwaheri mmoja mmoja, kabla ya kwenda kwa wakala. Tuliupokea tukiwa tumekaa.