Nyumba Iliyopewa Sitini na Mbili: Risala ya Wapangaji wa Kiponda

Mgeni rasmi, viongozi mliofuatana naye, mafundi wa mradi, assalamu alaykum.

KARIBU KWETU
Sisi ni familia saba za ghorofa hii ya Kiponda. Umekuja kuzindua mfumo wa vihisi unaokadiria nyumba ipi ya Mji Mkongwe iko karibu kuanguka. Yetu ndiyo ya kwanza kufungwa kwa amri ya mfumo huo. Tumepewa hadi Ijumaa tuhame.

TULIKOTOKA
Mwezi wa Rajabu tulifungiwa vihisi vitatu: kimoja kwenye ufa wa ngazi, kimoja cha mwinamo wa ukuta, kimoja cha unyevu. Mfumo hukusanya habari zao na kukadiria uwezekano wa nyumba kuanguka ndani ya mwaka. Ukipita sitini kwa mia, barua ya kuhama inatoka yenyewe. Sisi tulipata sitini na mbili.

TULICHOKIONA
Kihisi cha unyevu kilifungwa nyuma ya mfereji, bomba tunalotawadhia. Bi Mwanakheri, mkubwa wetu, ndiye aliyeona namba kwenye kioo chake inapanda mara tano kwa siku. Akamwita Ayoub, fundi wa mradi.

"Bibi, mashine haidanganyi."

"Sikusema inadanganya, mwanangu. Nasema haijui kama tunasali."

Tukahamia mfereji wa uani siku kumi. Ayoub akasoma upya: thelathini na nne. Lakini barua, alisema, ikishatoka yeye hana uwezo wa kuirudisha.

CHANGAMOTO
Hatusemi nyumba ni salama. Ufa wa ngazi umepanuka milimita mbili, na kihisi kile tunakiamini. Thelathini na nne si sifuri. Ila barua haikuandika namba yoyote, iliandika "hatari" tu. Mwenye sitini na mbili na mwenye tisini na tisa wanaletewa neno hilo hilo. Mfumo wenyewe una shaka. Barua ndiyo haina.

MAOMBI
Barua isitishwe, vipimo virudiwe mbele yetu. Kila barua itaje namba, na kihisi kilichoipandisha. Ngazi iegemezwe kwa miti tangu leo, hata kama tutahama.

Bi Mwanakheri ameshatangulia Tunguu kwa mjukuu wake. Magoti yake hayawezi kuhama kwa haraka. Kila siku baada ya alasiri hupiga simu: "Nirudi?" Leo pia atapiga. Tunaomba utuachie la kumjibu.

Mwenyezi Mungu akuongoze katika uamuzi, akurudishe salama kwako, na sisi atubakishe kwetu.

Imesomwa na Shahida Muhiddin,
kwa niaba ya Familia Saba za Ghorofa ya Kiponda.