Mpima Hewa Aliyefutwa Kwenye Orodha ya Wahubiri

Uaisele Lotoaniu alizaliwa tarehe 14 Machi 1949 hapa Houmafo, kisiwani Vava'u, Tonga, akiwa kitinda mimba wa marehemu Siaosi na Pauline Lotoaniu. Alisoma shule ya msingi kijijini, kisha sekondari ya misheni Nuku'alofa, alikohitimu mwaka 1967.

Mwaka 1969 aliajiriwa katika kituo chetu cha hali ya hewa. Alisoma vipimo kila siku, hata Jumapili, siku ambayo kwetu hata kufua ni aibu. Wanaume walioketi jioni wakinywa kava, kinywaji chetu cha mizizi, walimtania: "Uai, leo umemkuta Mungu kazini?" Akajibu, "Nimemkuta. Anavumisha upepo, wala hakuniuliza kwa nini nami nafanya kazi."

Tarehe 6 Mei 1972 alifunga ndoa na Kalolaine Mahe. Kila mkewe alipomuuliza kama mvua itanyesha au aanike nguo, jibu lilikuwa lile lile: "Anika, mke wangu, ila usiende mbali." Mwaka 1975 kanisa hili lilimwandika katika orodha ya wahubiri wake, heshima aliyoithamini kuliko cheo chochote.

Jumapili moja ya Januari 1993 aliingia ibadani bila mkeka wa heshima tunaoufunga kiunoni, akiwa na shati la kazini. Alisema, "Mchungaji, kipimo cha mgandamizo wa hewa kinashuka vibaya. Kuna kimbunga."

"Kitatupiga?" aliuliza Mchungaji Fotu.

"Sijui."

"Hujui, nawe unakatiza ibada?"

"Ningejua, ningengoja amina. Wazee na watoto wapande shuleni, mlimani."

Watu walipanda, wakaomba huko huko. Kimbunga kiligeuka, kikapita baharini. Mchungaji alitangaza kwamba maombi ndiyo yaliyokigeuza. Wakubwa wa marehemu kazini wakasema ni upepo wa magharibi. Marehemu aliulizwa redioni, akasema: "Na mimi niliomba, na upepo huo niliupima. Nani aliutuma, chombo changu hakionyeshi." Kwa maneno hayo ofisi ilimpa onyo, na baraza la kanisa likalifuta jina lake kwa kosa la kukosa imani. Hakuna aliyemuuliza kama anaamini. Tangu hapo alikaa kiti cha nyuma kila Jumapili, akiimba besi, na hakuitwa mimbarani tena.

Mwaka 2019 figo zake zilianza kushindwa. Wapo waliosema ni adhabu. Tunawauliza mbele ya jeneza hili: nani aliwaonyesha? Daktari wa Auckland alisema hatafika Krismasi, akafika mbili. Binti yake Meleane alipomuuliza, "Baba, unaogopa?" alijibu, "Kidogo, mwanangu. Kule sijawahi kupima." Kisha akamwomba amsomee zaburi. Alifariki nyumbani alfajiri ya tarehe 9 Juni 2021.

Ameacha mjane, Kalolaine, watoto watatu, Sitiveni, Meleane na Folauhola, wajukuu saba, na dada yake mkubwa, Bi. Salote.

Mila yetu inampa binti wa dada mkubwa haki ya kuomba chochote msibani, wala hanyimwi. Mikeka na nguruwe ambavyo ni haki yangu vigawiwe wapishi na wachimba kaburi. Mimi, Losaline, binti wa Bi. Salote, naomba kimoja tu kwa baraza lililoketi hapa mbele: kabla udongo haujamfunika, jina la Uaisele Lotoaniu liandikwe tena katika orodha ya wahubiri, na lisomwe kwa sauti, naye akiwa bado kati yetu. Tutasubiri.

Kisha, mjomba, upumzike kwa amani.