Sanamu Isiyofanana na Kitu

Kosta ya Idodi ilikuwa haijatoka hata stendi ya Iringa, mama mmoja mfugaji wa Usangu akamgeukia kijana jirani yake. Kijana alikuwa amepakata dude la vyuma vilivyopindapinda.

"Huyu ng'ombe umemtengeneza mwenyewe, baba?"

"Si ng'ombe, mama. Ni sanaa. Nachomelea nyumbani, uani. Haifanani na kitu chochote."

"Haifanani na kitu, na nyuma kumelegea hivi? Huyu wiki hii anazaa."

Mimi niliyekaa nyuma yao niliona ni pampu ya maji, lakini sikuulizwa.

Kijana akaeleza kwa upole habari za umbo, mwanga na nafasi tupu. Mama akasikiliza yote, kisha akapapasa vyuma. "Ndama amekaa kulia," akasema.

"Mama, hakuna ndama!"

Walibishana mpaka Kalenga, tukaipita Kalenga wakiwa bado wanabishana. Hatimaye kosta ikasimama kwenye hoteli ya watalii ambako kijana alikuwa anaipeleka kazi yake. Konda akalikamata dude mguu mmoja, akalivuta.

"We konda, taratibu!" kijana akafoka. "Huoni ana mimba?"